Namna ya kuongoza kikao cha mashabiki kuhusu mmiliki na siku ya mechi

Mimi ndiye ninayeshika kalamu kwenye vikao vya kundi letu la mashabiki. Klabu siitaji: nikiitaja, nusu yenu mtaacha kusoma na nusu nyingine mtaanza kunitania matokeo ya wiki iliyopita. Inatosha kusema nimewaona watu waliokumbatiana goli lilipoingia wakishindwa kupeana mkono baada ya kikao. Na hawakugombania kocha wala straika. Waligombania mambo mawili: siku ya mechi imegeuka kuwa kitu gani, na huyu tajiri aliyetununua anatupeleka wapi.

Kama umeangukiwa na kazi ya kuongoza kikao cha namna hiyo, hapa nimeweka ninavyofanya mimi. Wapo wenye njia zao. Hii yangu angalau haijarusha kiti.

Kabla hujafungua mdomo, weka kichwani kwamba hizo si mada mbili. Anayelalamikia bei ya tiketi anamlalamikia aliyeipanga. Anayelalamikia mechi kusogezwa usiku wa siku ya kazi anamlalamikia aliyekubali kuiuza saa hiyo kwa kampuni ya luninga. Mfano ninaopenda kuutoa ni wa Sweden. Huko sheria za soka zinadai wanachama wabaki na kura nyingi kwenye klabu yao, asilimia 51. Mashabiki wa jukwaani hawakuitaka VAR, yaani refa msaidizi wa video. Wakaenda kwenye mikutano mikuu ya klabu zao, wakapiga kura, viongozi wakabaki bila ujanja, na mwaka 2024 shirikisho likatangaza kwamba VAR haiingii. Kwenye ligi nyingine kubwa watu wanaizomea kila wiki na iko palepale. Ukiusimulia mfano huo mwanzoni, utaona waliokuja kuzungumzia "mazingira ya uwanjani tu" wameanza kusikiliza habari za katiba ya klabu.

Jua kwanza nani yuko chumbani

Matangazo hutuita "wanachama, wapenzi na mashabiki", kana kwamba ni mtu mmoja mwenye majina matatu. Kikaoni utamkuta mnazi wa nyuma ya goli ambaye kiti kwake ni mahali pa kuwekea koti. Utamkuta mzazi anayekuja na watoto, mzee mwenye tiketi ya msimu na kiti kilekile miaka yote, anayesafiri ugenini kwenye kila mechi, aliyeapa hakanyagi uwanjani mpaka mmiliki auze, na yule anayeishi bara jingine ambaye hajawahi kuuona uwanja kwa macho yake lakini anajua umri wa kila kinda wa timu ya vijana.

Huyo wa mwisho ndiye anayechokozwa zaidi. Akianza tu kuchangia, mtu atamkata: "Wewe umewahi kuja lini?" Usiruhusu. Fedha za haki za matangazo ndizo zinazobeba ligi kubwa, na hakuna anayezilipa kwa ajili ya watu wa jukwaani peke yao. Zinalipwa kwa sababu ya macho kama yake. Ila na yeye mshike breki. Wa luninga huwa mwepesi wa kusema "wapandishe kiingilio, tusajili beki", kwa kuwa kiingilio hakitoki mfukoni mwake. Mwambie hivyo kwa upole, mbele ya watu, kisha umpe nafasi amalizie hoja yake.

Ninachofanya ni hiki. Mtu yeyote asizungumze kwanza. Kila mmoja apewe kipande cha karatasi na ajibu mambo mawili: mechi unaitazamia wapi, na ni kitu gani kikitokea kesho hutarudi tena. Karatasi zisiwe na majina. Nazikusanya, nazichanganya, nazisoma kwa sauti moja bila kuweka manjonjo. Ni hapo ambapo mpiga ngoma anagundua kwamba kuna mtu karibu naye ambaye anakaribia kuacha kuja kwa sababu ya ngoma, na anayempenda mmiliki anasikia mstari kama "nitaondoka siku watakayobadilisha jezi yetu kwa ajili ya mdhamini". Usiulize nani kaandika. Wengine watajitaja wenyewe.

Siku ya mechi: dai kitu kinachoshikika

"Hamasa imekufa" ni sentensi utakayoisikia kabla watu hawajakaa vizuri. Haijadiliki. Huwezi kuipigia kura, huwezi kuipeleka kwa mkurugenzi wa klabu. Kila ukiisikia, irudishe kwa msemaji: imekufa jukwaa lipi, dakika zipi, tangu lini, na kabla yake kulikuwa na nini ambacho sasa hakipo? Baada ya kubanwa kidogo utapata kitu: kundi la kuimba lilitawanywa viti vilipohesabiwa upya, vijana hawamudu tena bei ya nyuma ya goli, watu wanaingia dakika ya kumi kwa sababu ya foleni ya ukaguzi getini. Haya yana mtu wa kuyajibu.

Suala la kusimama linahitaji uangalifu wa peke yake, na asiyejua historia yake asikae kiti cha mbele. Tarehe 15 Aprili 1989, kwenye nusu fainali ya Kombe la FA kati ya Liverpool na Nottingham Forest, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye vizimba vya jukwaa la kusimama katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield. Waliopoteza maisha ni 97. Wa mwisho alifariki mwaka 2021 kutokana na majeraha ya siku ile. Ripoti ya Jaji Taylor ya mwaka 1990 ndiyo iliyofanya viwanja vya madaraja mawili ya juu ya Uingereza viwe vya kukaa pekee. Kwa miaka mingi lawama zilitupwa kwa mashabiki wenyewe, mpaka mwaka 2016 jopo la uchunguzi wa vifo lilipohitimisha kwamba watu hao waliuawa kinyume cha sheria na kwamba tabia ya mashabiki haikuchangia. Kwa hiyo mtu akitania kikaoni kwamba "wa kusimama ndio wanaoua watu", msimamishe papo hapo. Na mtu akidai kusimama hakujawahi kuwa na hatari yoyote, msimamishe vilevile.

Baada ya hapo ndipo useme kwamba Ujerumani waliendelea kusimama. Jukwaa la kusini la Borussia Dortmund hubeba karibu watu 25,000 waliosimama kwenye mechi za ligi. Uingereza nayo ilianza kuruhusu tena mwezi Januari 2022, kwa majaribio kwenye klabu chache: kila mstari una chuma cha kujishikilia mbele yake, kila mtu ana nafasi yake yenye namba, hakuna kizimba. Ukiweka mambo hayo mezani, mjadala unahama kutoka "kusimama au kukaa" kwenda "wapi wasimame, na wasiotaka wakae wapi", na hilo linajibika.

Kwetu mvutano huo ulikuwa na sura mbili ninazozifahamu vizuri. Upande mmoja kijana mpiga ngoma, sauti imemkauka muda wote kama ametoka kuimba dakika hiyo. Upande mwingine mama anayekuja na binti yake wa darasa la pili, wamekaa mistari michache nyuma ya ngoma. Mama akasema, "Mwanangu anaona migongo tu. Goli anasimuliwa." Kijana akajibu kwamba wakilazimishwa kukaa, bora uwanja ufungwe uwe ukumbi wa harusi. Watu wakacheka, mama hakucheka. Niliwaomba mechi inayofuata wabadilishane nafasi kipindi cha kwanza, kijana akakae na yule binti. Alirudi kikaoni amebadilika sura. Alikuwa ameenda kuthibitisha kwamba mama anatia chumvi, akakuta kinachoziba si watu waliosimama, maana mteremko wa jukwaa unasaidia. Kinachoziba ni ile bendera kubwa ya mti mrefu, ambayo wapeperushaji wake walikuwa wakiishusha kila mpira unapokwenda kona ya kulia, na kitambaa kinakuja kutua usawa wa macho ya mtoto. Bendera ikahamishiwa mstari wa juu kabisa, nyuma yake ukuta. Ngoma haikuguswa. Na wiki zote tulizokuwa tukibishana kuhusu "utamaduni wa klabu", hakuna aliyekuwa ametaja bendera.

Tangu hapo sikubali hoja ya jukwaani ijadiliwe mpaka wahusika wawili wamekaa mahali pa mwenzao.

Bei nazo zina namna yake. Usiache kikao kilalamikie "bei" kwa ujumla. Kitafute ile moja inayouma. Mwezi Februari 2016 Liverpool ilitangaza tiketi ya pauni 77 kwa baadhi ya viti vya jukwaa lake lililokuwa likipanuliwa. Kwenye mechi ya nyumbani dhidi ya Sunderland, ilipofika dakika ya 77, maelfu ya mashabiki wakainuka wakatoka. Timu ilikuwa inaongoza 2-0. Mechi ikaisha 2-2. Siku chache baadaye wamiliki wakaomba radhi, wakaifuta bei hiyo na kuahidi kutopandisha bei kwa misimu miwili. Angalia walichodai: namba moja, iliyojulikana na kila mtu, iliyoandikwa na klabu yenyewe. Wasingeweza kutoka dakika ya "soka limekuwa biashara".

Kuhusu muziki wa spika baada ya goli, katuni wa klabu anayeruka pembeni ya kiwanja, na taa za rangi kabla ya mechi: yape dakika tano, cheka, endelea mbele. Kuna watakaotaka kukesha hapo kwa sababu ni rahisi kuchukia spika kuliko kusoma hesabu.

Umiliki: maswali manne ubaoni

Hapa ndipo kikao hupasuka, kwa hiyo mimi huandika maswali manne ubaoni na kukataa hoja isiyogusa hata moja. Kura ni za nani? Maamuzi ya kila siku ni ya nani? Deni ni la nani? Uwanja ni wa nani?

Watu wengi wanajua jibu la swali la kwanza tu, na hata hilo kwa juujuu. Chukua Ujerumani, inayosifiwa kila kona. Tangu mwaka 1998 kanuni yao inasema klabu inaweza kuanzisha kampuni na kukaribisha mwekezaji, lakini chama cha wanachama kibaki na kura zaidi ya nusu. Ndiyo maana wanaiita hamsini jumlisha moja. Lakini Bayer Leverkusen na Wolfsburg wamekuwa na ruhusa maalumu kwa sababu ya kampuni zilizowalea, na RB Leipzig inatimiza kanuni kwa maandishi huku wanachama wenye kura wakiwa wachache mno. Kwa hiyo kura ni za nani? Inategemea lango la uanachama limefunguliwa kiasi gani. Hata hivyo usiidharau kanuni hiyo. Desemba 2023 klabu za Ujerumani zilipiga kura kumwingiza mwekezaji kwenye mapato ya matangazo ya ligi. Mashabiki wakaanza kurusha mipira ya tenisi uwanjani, mechi zikasimama wiki hadi wiki, na Februari 2024 ligi ikaachana na mpango huo. Walirusha mipira wakijua kwamba watu wanaowarushia wanawategemea kwenye mkutano mkuu.

Swali la deni ndilo linaloumbua pande zote mbili, na mimi hulipa muda mrefu kuliko mengine. Mwaka 2005 familia ya Glazer iliinunua Manchester United kwa takriban pauni milioni 790, na sehemu kubwa ya mkopo wa kuinunulia ikabebeshwa klabu yenyewe. Klabu ikawa inalipa riba ya kununuliwa kwake. Baadhi ya mashabiki waliondoka mwaka huohuo wakaanzisha FC United of Manchester, klabu ya wanachama. Wengine wakabaki viti vyao vilevile wakipinga kutoka ndani. Familia moja, ndugu wawili, mmoja huku mwingine kule, na kila mmoja akiamini mwenzake ndiye aliyeisaliti klabu. Ukiwa na watu wa namna hiyo kikaoni usiwalazimishe wakubaliane. Waulize swali wanaloweza kujibu wote: deni ni kiasi gani sasa, na riba yake ingemsajili nani?

Hapo watetezi wa wanachama watapiga makofi, na ndipo uwasomee habari ya Barcelona. Ile ni mali ya wanachama, wanamchagua rais kwa kura. Mwezi Agosti 2021 rais wao, Joan Laporta, alitangaza kwamba klabu inadaiwa euro bilioni 1.35, na mwezi huohuo Messi akaondoka kwa sababu hesabu hazikuruhusu mkataba mpya. Hakukuwa na tajiri wa kulaumiwa. Mishahara na usajili vilipitishwa na watu waliochaguliwa na mashabiki, waliojua kwamba mwanachama hampigii kura mtu anayeahidi kubana matumizi.

Kwa hiyo mtafute mwenye kuelewa hesabu ndani ya kundi. Hakosekani, kila kundi lina mhasibu anayejificha nyuma ya skafu. Klabu nyingi ambazo ni kampuni hutoa taarifa za fedha za mwaka. Mwombe asome mistari minne tu: mapato, mishahara, mikopo kutoka kwa mmiliki, na mali zilizowekwa rehani. Mishahara ikila karibu mapato yote, mmiliki ndiye anayejaza pengo, na siku akichoka pengo linabaki na klabu. Mkopo wa mmiliki usio na riba ni tofauti kabisa na mkopo wa benki uliodhaminiwa na uwanja. Mhasibu wetu huvieleza vitu hivyo kwa kuchora duara mbili kwenye karatasi, moja klabu, moja mwenye klabu, na mishale ya fedha inayotoka na kuingia. Mishale ikiwa mingi upande mmoja hata mtoto anauliza kwa nini.

Uwanja watu huusahau. Derby County ilimilikiwa na mwenyeji wa mji huohuo, shabiki wa klabu tangu utotoni. Mwaka 2018 klabu ikamuuzia yeye mwenyewe uwanja wa Pride Park. Mwaka 2021 klabu ikaingia chini ya usimamizi wa kufilisika, ikakatwa pointi 21, na mwaka 2022 ikashuka daraja. Coventry City, ambayo haikuwa inamiliki uwanja inaochezea, ilijikuta ikicheza mechi za nyumbani Northampton, na miaka kadhaa baadaye Birmingham. Mwambie mzee wa tiketi ya msimu kwamba kiti chake kimehamia mji mwingine, uone kama atasema tena umiliki haumhusu.

Hoja tatu zitakazokuja, na namna ya kuzipokea

"Arudi kwao." Hii ikate mapema, hata kama aliyeisema ni rafiki yako. Mmiliki hapimwi kwa pasipoti. Yule wa Derby alikuwa wa palepale. Familia ya Srivaddhanaprabha kutoka Thailand iliinunua Leicester City mwaka 2010, ikaipandisha, ikachukua ubingwa wa England mwaka 2016 na Kombe la FA mwaka 2021, na Vichai, mkuu wa familia hiyo, alipofariki kwenye ajali ya helikopta nje ya uwanja mwezi Oktoba 2018 watu waliweka maua mpaka njia ikafunikwa. Mwaka 2023 Leicester ikashuka daraja, na upendo ukaanza kupata maswali. Mtu anayesema "arudi kwao" mwulize amefanya nini. Akijibu kwa tendo, andika tendo hilo. Akijibu kwa rangi au dini, mtoe nje.

"Mwenye pesa aachwe afanye anavyotaka." Hapa nina mfano mmoja unaotosha. Cardiff City huitwa ndege wa buluu. Mwaka 2012 mmiliki wao, Vincent Tan, akabadilisha jezi ya nyumbani kuwa nyekundu. Msimu uliofuata wakapanda Ligi Kuu wakiwa na jezi hiyo nyekundu. Wapo waliosema rangi ni rangi tu, tumepanda. Wapo waliovaa buluu jukwaani siku ya kusherehekea. Januari 2015 buluu ikarudi. Ukiusimulia vizuri, kila upande utajiona ndani yake, na hapo uliza: ni vitu gani ambavyo hatuuzi kwa kupanda daraja? Kwa kawaida orodha huwa fupi kuliko watu walivyodhani. Jina, rangi, nembo, mji, uwanja. Iandike. Nchini Uingereza mambo ya aina hii yamefika bungeni: sheria ya usimamizi wa soka ya mwaka 2025 imeunda mdhibiti huru na inazitaka klabu kuwasikiliza mashabiki kwenye masuala kama hayo.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu, na sina dawa yake kamili: mmiliki anayeleta raha uwanjani lakini fedha zake zinawakosesha watu usingizi. Mwezi Oktoba 2021 mfuko wa uwekezaji wa taifa wa Saudi Arabia ulichukua asilimia 80 ya Newcastle United. Nje ya uwanja watu walicheza na kuimba usiku kucha, baada ya miaka 14 ya mmiliki waliyemchoka. Wengine wa klabu hiyohiyo walikuwa wakiuliza kuhusu haki za binadamu siku hiyohiyo. Machi 2025 wakatwaa Kombe la Ligi, taji kubwa la kwanza la nyumbani tangu 1955. Nani atamwambia mzee aliyesubiri tangu utoto asilie kwa furaha? Na nani atamwambia mwenzake anyamaze kwa sababu kikombe kimekuja?

Ninachofanya ni kuyatenganisha maswali. La kwanza: unafurahia? La pili: ni sawa? Mtu anaruhusiwa kujibu ndiyo na hapana, na hakuna anayeruhusiwa kumwita mnafiki kwa kufanya hivyo. Nimeona kikao kilichokuwa kinaelekea ngumi kikitulia kwa kuruhusu jambo hilo peke yake. Kumbusha pia kwamba mmiliki akipata matatizo yake, siku ya mechi huyapata pamoja naye. Serikali ya Uingereza ilipomwekea vikwazo Roman Abramovich, tajiri wa Urusi aliyeimiliki Chelsea, Machi 2022, klabu iliendelea kucheza kwa kibali maalumu na ikazuiwa kuuza tiketi mpya. Aliyekuwa akisema siasa zisiingizwe kwenye soka alikosa tiketi kwa sababu ya siasa.

Swali la kura liandikwe vizuri

Usipigishe kura ya "tunamtaka mmiliki au hatumtaki". Nusu itashinda, nusu itakasirika, na mmiliki hatajua kama mmekutana. Kura iwe juu ya kitu ambacho klabu inaweza kukifanya na tarehe ya kukifanya. "Tudai mwakilishi wa mashabiki ahudhurie vikao vya bodi kuanzia msimu ujao" ni swali. "Tudai geti la tatu lifunguliwe saa mbili kabla ya mechi" ni swali. "Tusinunue bidhaa za klabu mpaka taarifa ya deni itolewe" ni swali pia, ingawa hilo nalipigisha kwa karatasi za siri, kwa sababu watu huinua mkono kwa ushujaa na kesho yake wako dukani wanapanga foleni ya jezi mpya.

Na msiogope kura inayowapa jibu msilolitegemea. Mashabiki wa Portsmouth waliichukua klabu yao mwaka 2013 ilipokuwa inakufa kwa madeni, wakailipia kwa kuchangishana hisa, wakaisimamisha kwa miguu yake na kuipandisha daraja mwaka 2017. Mwaka huohuo wakapiga kura kumuuzia mfanyabiashara wa Marekani, Michael Eisner, kwa sababu uwanja uliochakaa ulihitaji fedha ambazo hawakuwa nazo. Wapo wanaoita hiyo kushindwa. Mimi naona waliulizwa, jambo ambalo mashabiki wengi hawajawahi kulipata. Upande wa pili wako watu wa Wimbledon: mwaka 2002 klabu yao iliporuhusiwa kuhamia Milton Keynes, walianzisha AFC Wimbledon kutoka daraja la tisa, wakaingia tena kwenye madaraja ya kulipwa mwaka 2011, na Novemba 2020 wakarudi kucheza Plough Lane, mtaa wao wa zamani, kwenye uwanja mpya. Ukitaka kujua gharama ya njia hiyo, hesabu miaka.

Kwenye muhtasari andika waliokataa pia, na sababu yao kwa maneno yao wenyewe, sentensi moja au mbili. Klabu ikipokea barua inayosema "wote tumekubaliana" itamtafuta mmoja asiyekubali na kumpiga picha na mmiliki. Ikipokea barua inayosema wangapi wanadai na wangapi wana wasiwasi gani, haina pa kushika. Nakala moja iende kwa klabu, moja kwa kila aliyehudhuria, na zote zitumwe kabla ya mechi inayofuata, maana tukifungwa kila mtu ataongeza dai, na tukishinda hakuna atakayefungua barua.